Msiuze Shamba Bado

Baba mkubwa alinipigia simu usiku mmoja wa Oktoba. Kwa Muheza ilikuwa inakaribia saa sita, saa ambayo watu wa umri wake hupiga simu kwa misiba tu. Nilipokea nikiwa nimesimama. Hakukuwa na msiba. Kulikuwa na mnunuzi.

"Mwanangu, amepatikana mtu wa lile shamba la chini, lile la michungwa. Anataka jibu kabla ya Jumapili."

Fedha zilitakiwa kwa ajili ya mdogo wangu, binti yake wa mwisho. Ana stashahada ya uuguzi, na huu ni mwaka wa pili anasubiri ajira. Wakala mmoja wa Dar es Salaam alikuwa amemwahidi kazi ya kea Uingereza, yaani kuhudumia wazee, pamoja na cheti cha udhamini na viza, kwa shilingi milioni 22. Nusu mwanzoni, nusu viza ikitoka.

Nikamwambia baba mkubwa kwamba mlango huo umefungwa. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza haitoi tena viza kwa mhudumu wa kea anayeajiriwa kutoka nje ya nchi. Nilimtajia tarehe, nikamtajia kanuni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole: "Wewe si umefika?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu mimi nimefika kwa shamba hilohilo. Ekari mbili za upande wa barabarani ziliuzwa mwaka jana kuongezea ada yangu ya shahada ya uzamili. Mimi ndiye ushahidi kwamba kuuza shamba kunalipa. Kila picha niliyotuma nyumbani, nimevaa koti zito mbele ya maktaba, ilikuwa tangazo la bure la yule wakala.

Nimekaa na swali lake miezi mitatu. Haya ni majibu yangu, na wengi kati yenu hayatawafurahisha.

Kila nikizungumza jambo hili na wasomi wenzangu, huku na nyumbani, nakatizwa na sentensi moja: "Nchi ni yao, sheria ni zao." Husemwa kwa sauti ya mtu mzima anayenyamazisha watoto, na baada yake hakuna anayeongeza neno. Nimeichoka sentensi hiyo. Ni ya kweli, na kwa kuwa ni ya kweli inatumika kufunika mambo mengi ambayo si ya kweli.

Nianze na haki yao. Nchi yoyote inaamua nani aingie. Tanzania nayo inatoa vibali vya kazi kwa masharti na kwa ada, na sijasikia Mtanzania akiandamana kwa hilo. Idadi ya walioingia Uingereza, ukitoa waliotoka, ilipita watu 900,000 katika mwaka mmoja uliofika katikati ya 2023. Wapiga kura walikasirika, serikali zikasikia. Hapo sina ugomvi.

Lakini aliyewahi kupanga chumba Dar es Salaam anaijua tofauti ninayotaka kuieleza. Mwenye nyumba anayekuambia mlangoni kwamba kodi ni kubwa na chumba hukiwezi, yuko kwenye haki yake. Mwenye nyumba anayepokea kodi ya miezi sita, akakuacha uhamishe kitanda na jiko la gesi, kisha mwezi wa pili akaja kusema kodi imepanda na kisima hutumii tena, huyo mtaa mzima una jina lake. Na nyumba bado ni yake.

Sasa tazama kanuni zilivyokwenda. Viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi, kwa sura yake ya sasa, ilianza Desemba 2020. Kima cha mshahara cha jumla kilikuwa pauni 25,600 kwa mwaka. Aprili 2024 kikawa 38,700. Julai 2025 kikawa 41,700, na siku hiyohiyo kiwango cha kazi zinazokubalika kikapandishwa hadi cha shahada, zaidi ya aina 100 za kazi zikaondoka. Desemba 2025 tozo anayolipa mwajiri kwa kila mgeni anayemdhamini ilipanda kwa asilimia 32. Kampuni kubwa sasa inalipa pauni 1,320 kwa kila mwaka wa udhamini. Tangu tarehe 8 Januari 2026 mwombaji mpya anatakiwa Kiingereza cha kiwango cha B2, badala ya B1. Mtu aliyeanza kujiandaa mwaka 2023, akasoma kanuni zote na kuzitii zote, amehamishiwa mlango angalau mara nne kabla hajapanda ndege.

Kwa kazi za kea hali ilikuwa mbaya zaidi. Februari 2022 serikali yenyewe iliwafungulia wahudumu wa wazee, kwa sababu vituo vilikuwa havina watu. Machi 2024 ikawazuia waombaji wapya kuja na wenzi na watoto wao. Julai 2025 ikafunga. Miaka mitatu na miezi mitano. Kule kwetu Muheza, mche wa kubebesha uliopandwa siku mlango ulipofunguliwa ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kuzaa siku ulipofungwa.

Chumba cha jirani yangu aliishi dada mmoja kutoka Machakos, aliyekuja mwaka 2023 kwa viza hiyo. Mkataba wake ulisema saa 39 kwa wiki. Kampuni ilimpa saa 12, wiki nyingine 15. Hakwenda kushtaki popote, kwa kuwa viza yake ilishikwa na kampuni ileile iliyokuwa inamdhulumu. Kisha kampuni ikanyang'anywa leseni ya kudhamini wageni. Alidhani amepata haki. Baada ya muda ikaja barua: ana siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka.

"Hebu nisomee hii," aliniambia jikoni, ingawa Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu. "Nataka kuisikia kwa sauti ya mtu mwingine, labda itasema kitu tofauti."

Nilimsomea. Ilisema kitu kilekile. Siku ya hamsini na moja alipata kituo kingine katika mji ulio mbali saa tano kwa basi. Aliondoka na masanduku mawili, akaniachia sufuria ya ugali na mwiko. Sisi wote katika nyumba ile tulimpongeza kwamba ana bahati, na alikuwa nayo kweli. Kwa takwimu za serikali yenyewe, kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 zilifutwa leseni zaidi ya 470 katika sekta ya kea, na wafanyakazi zaidi ya 39,000 walihusishwa na waajiri hao. Nchi ni yao, naam. Na leseni hizo zilitoka kwa nani?

Hapa ndipo wenzangu husema kwamba mgeni hana ahadi aliyopewa, amekuja kwa hatari yake. Mahakama za Uingereza zimewahi kusema vingine. Mwaka 2002 serikali ilianzisha mpango wa kuwaita wahamiaji wenye ujuzi wa juu. Watu waliacha kazi zao, wakauza nyumba zao, wakaja. Novemba 2006 vigezo vya kuongezewa muda vikabadilishwa, na waliokwisha kuingia wakaambiwa wapimwe upya kwa kipimo kipya. Wakaungana, wakashtaki. Aprili 2008 Mahakama Kuu iliamua kwamba haikuwa halali kuwatumia kanuni mpya waliokwisha kukubaliwa chini ya kanuni za zamani. Mwaka uliofuata walishinda tena, safari hiyo kuhusu muda wa kungojea ukaazi wa kudumu, uliokuwa umeongezwa kutoka miaka minne hadi mitano.

Tumekwenda mbele miaka kumi na saba, tumerudi palepale. Novemba 2025 Waziri wa Mambo ya Ndani, Shabana Mahmood, alitangaza pendekezo la kuongeza muda wa kawaida wa kungojea ukaazi wa kudumu kutoka miaka mitano hadi kumi, na hadi kumi na tano kwa walio katika kazi za chini ya kiwango cha shahada. Pendekezo hilo linakusudiwa kuwagusa hata walioko nchini tayari ambao bado hawajapata ukaazi. Nikiandika haya, Januari 2026, serikali inapokea maoni mpaka tarehe 12 Februari. Yule dada wa Machakos alikuja akihesabu miaka mitano. Pendekezo likipita kama lilivyo, ataambiwa hesabu yake ilikuwa theluthi moja tu ya safari. Hiyo ndiyo kodi ya miezi sita ninayoisema.

Sisi wa Afrika Mashariki hatukupaswa kushangaa. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, maelfu ya watu wenye asili ya Kihindi walibaki na pasipoti za Uingereza wakiamini pasipoti ni pasipoti. Walipoanza kuzitumia kwa wingi, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwazuia kwa siku tatu, na mwanzoni mwa Machi 1968 ikaanza kazi. Hao walikuwa raia. Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kwamba walitendewa kwa ubaguzi wa rangi. Ilikuwa imechelewa miaka mitano, lakini ilisema.

Kwa hiyo anayesema "nchi ni yao" akidhani amemaliza mjadala anajua kidogo kuliko mahakama zao. Kufunga mlango ni haki ya mwenye nyumba. Kubadilisha masharti kwa mtu aliyekwisha kuingia, kulipa na kuhama ni jambo jingine, na lina haki ya kuitwa kwa jina lake.

Sasa niwageukie walio upande wetu, maana sentensi hiyohiyo inawalinda na wao.

Wakala anaipenda sana. Kanuni zikibadilika, yeye hana kosa. Wamebadilisha wenye nchi. Wakati anamwahidi mdogo wangu kazi ya kea, mlango ulikuwa umefungwa miezi mitatu iliyopita, na habari hiyo iko wazi bure kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza. Alikuwa anauza hewa kwa bei ya ekari. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Mwongozo wa Uingereza unawakataza waajiri na mawakala kwenda kuchota watumishi wa afya na kea katika nchi za orodha hiyo. Mtu binafsi anaweza kuomba kazi mwenyewe, moja kwa moja kwa mwajiri. Wakala anayekodi ukumbi wa hoteli na kuwaita wauguzi wetu waje na bahasha anafanya jambo ambalo mwongozo huo unalikataza waziwazi.

Anayeomba, basi, ayajue haya kabla hajamwita dalali wa mashamba.

Cheti cha udhamini si karatasi yenye mhuri. Ni kumbukumbu ya kielektroniki yenye namba, ambayo mwajiri anaitengeneza katika mfumo wa serikali. Anayekuonyesha karatasi nzuri amekuonyesha karatasi nzuri tu. Mwajiri ndiye anayelipia cheti hicho, pauni 525, na kwa vyeti vinavyotolewa tangu mwisho wa Desemba 2024 haruhusiwi kumrudishia mfanyakazi gharama hiyo wala ya leseni. Tozo ya ujuzi nayo haijawahi kuruhusiwa kumwangukia mfanyakazi. Ukiambiwa "lipia cheti", umeshapata jibu la maswali yako yote.

Orodha ya waajiri wenye leseni imewekwa wazi na inatafutika bila malipo. Jina likiwemo, bado si ahadi, kama yule dada alivyojifunza. Jina lisipokuwemo, funga simu.

Uulize mshahara kwa tarakimu, kisha uulize kima cha kazi hiyo hasa, kwa sababu pauni 41,700 ni kima cha jumla na kila kazi ina chake. Kinachotakiwa ni kile kilicho kikubwa. Aliyetoka masomoni Uingereza anaweza kuanzia 33,400, kwa muda tu. Ongeza ada ya huduma za afya, pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, inayolipwa kwa mkupuo kabla hujaonja hata dripu moja; walio kwenye viza ya afya wamesamehewa. Na ukifika, jua kwamba kazi ikiisha, kwa kawaida siku zako ni zile 60.

Wapo watakaosema basi twende Marekani. Septemba 2025 Rais Trump alitia saini tangazo linalotaka dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza ya H-1B ya watu walio nje ya nchi hiyo. Upepo ni uleule, bahari tofauti.

Nimebaki na kundi la tatu, nalo ni langu. Sisi tulio huku tunasema "nchi ni yao" ili tusiseme yaliyotupata. Hatutumi picha ya kitanda kilichobanwa kati ya kabati na dirisha. Hatusemi kwamba mhandisi wa maji wa chuo fulani cha nyumbani anapanga maboksi usiku, wala kwamba mtu mwenye shahada mbili anaogopa kuugua kwa sababu meneja ndiye mdhamini. Tunasema "tunapambana", neno ambalo nyumbani linasikika kama ushindi unaokaribia. Tunaogopa kuonekana tumeshindwa, basi tunamwacha mwingine auze shamba ili aje tushindwe pamoja. Wakala anachukua milioni 22. Sisi tunachukua heshima, na malipo yetu hayana hata risiti.

Najua jibu la hili, nimeshalipata. Nilipompigia mdogo wangu kumweleza, alinisikiliza kisha akasema, "Dada, wewe umeshashiba, ndiyo unatuambia chakula kina sumu." Akakata. Ana haki ya kukasirika. Mimi ninasoma kwa ekari ambazo kwa desturi zingekuwa zake pia. Sina namna ya kusema "usije" bila kusikika kama mchoyo.

Kwa hiyo sikusema asije. Nilimpigia tena baba mkubwa, siku ya Ijumaa, nikamweleza yangu yote. Kwamba masomo yangu yanaisha Septemba. Kwamba viza ya wahitimu wa uzamili inatoa miaka miwili kwa atakayeomba kabla ya tarehe 1 Januari 2027, na miezi 18 kwa atakayeomba kuanzia siku hiyo. Kwamba baada ya hapo ninahitaji mwajiri mwenye leseni atakayenilipa pauni 33,400 au zaidi, na mpaka siku ile nilikuwa nimeandikia kumi na tisa na kujibiwa na wawili, wote kwa "samahani". Kwamba kuna uwezekano mkubwa nikarudi Muheza na shahada na bila zile ekari mbili.

Kimya kilikuwa kirefu. Nilisikia redio yake nyuma.

"Mbona hukusema?" aliuliza.

"Niliona aibu, baba."

"Aibu," alirudia, kama mtu anayepima uzito wa kitu mkononi. Kisha akaniuliza kwa mdogo wangu kuna njia gani ambayo si ya yule bwana.

Ipo, na ni ndefu. Uuguzi umebaki katika kazi zinazokubalika. Mdogo wangu awe amesajiliwa nchini kwake, aombe usajili wa baraza la wauguzi la Uingereza, apite mtihani wa Kiingereza (kwa IELTS ni 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika), apite mtihani wa kompyuta unaoitwa CBT, apate mwajiri mwenyewe, kisha afanye mtihani wa vitendo akiwa Uingereza. Inaweza kuchukua miaka. Katikati ya miaka hiyo kanuni zinaweza kubadilika tena, nami nilimwambia hivyo pia. Lakini kila hatua ya njia hiyo inamwacha na kitu mkononi hata mlango ukifungwa: usajili, Kiingereza, mtihani aliopita. Njia ya wakala ikifungwa, anabaki na namba ya simu isiyopatikana.

Baba mkubwa alimwambia mnunuzi asubiri. Hakusema hapana, mnunuzi bado anapita pale kila baada ya wiki mbili na kuikagua michungwa kama yake. Mdogo wangu hakuzungumza nami mwezi mzima na ushei. Wiki iliyopita aliniandikia ujumbe, bila salamu: "CBT wanafanyia wapi na ni kiasi gani?"

Nilimjibu. Nikampa bei ya huo mtihani, na wa pili, na wa tatu, na usajili, na viza, nikajumlisha chini kwa shilingi. Ameusoma. Bado hajasema kitu.